Mbwa wa Jumapili katika Ua wa Jua

Walimwamulia. Hilo ndilo kosa alilotendewa, na linastahili kutajwa kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu mtaa mzima ulizoea kuisimulia habari hii kuanzia katikati, pale ambapo yeye huonekana mkatili. Watu watatu waliketi sebuleni mwake wakakubaliana kwamba nyumba inahitaji mbwa, kwamba mbwa anayefaa ni wa aina ya boksa, na kwamba atakayeshinda naye kutwa ni yeye. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa pili wa dirisha, mikono imezama mpaka viwikoni katika povu, karibu kiasi cha kusikia vikombe vikiwekwa mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono kusukuma kioo na kumuuliza.

Watu walimwita Dobi, na jina hilo la kazi lilikuwa limelimeza lile alilopewa na wazazi wake. Alifua mashuka, foronya na taulo za nyumba mbili za wageni, pamoja na makoti meupe ya zahanati iliyokuwa barabara ya pili. Wiki moja kabla ya kikao kile, mtu asiyejulikana aliingia uani mchana kweupe, Dobi akiwa ndani anapiga pasi, akaanua mashuka ya kamba nzima. Aliyaanua kwa utulivu wa mwenye mali: hata vibanio alivirudisha kikapuni. Vibanio hivyo vilimuudhi Dobi kuliko mashuka yenyewe. Wizi aliuelewa, unadhifu wa mwizi ulikuwa kejeli.

"Mwizi haogopi ukuta, anaogopa meno," alikuwa akisema kaka wa mumewe kule sebuleni. Huyu alikuwa mkandarasi mdogo wa ujenzi, na mtaa ulimpa jina la Meneja kwa kuwa hajapata kuiona shughuli ya mwenzake asiisimamie. "Mhandisi wetu anahamishwa mwisho wa mwezi, hawezi kusafiri na mbwa wake. Boksa safi, ana mwaka na nusu. Tusipomchukua sisi, anakwenda kufungwa mnyororo kwenye yadi ya vyuma chakavu."

"Boksa?" aliuliza mama mkwe, ambaye ulimi wake haukuzeeka pamoja na nyonga yake. "Mbona za kuvaa zimejaa kambani kila siku, na mwizi hakuziogopa?"

Wakacheka. Kisha mama huyo, haki yake na isemwe, akauliza: "Na mkeo je, mwanangu? Ameulizwa?"

"Mama Kitinda hana neno," alijibu mume.

Mume alikuwa kinyozi, mtu mpole, aliyeshika vichwa vya watu kutwa nzima na asipingane na hata kimoja. Hakuwa na nia mbaya. Dobi alilisikia lile "hana neno" likipita dirishani, akalikamua shuka lililokuwa mikononi mwake mpaka nyuzi zikalia.

Ua ule lazima uelezwe, maana kesi yote ilikuwa ndani yake. Ulikuwa wa saruji tupu, umezungukwa na ukuta uliopakwa chokaa ili urudishe mwanga. Walipohamia palikuwa na mti mkubwa katikati, na Dobi mwenyewe ndiye aliyeagiza ukatwe, kwa sababu kivuli kwa dobi ni hasara: shuka lililokaukia kivulini hubaki na uvundo, na weupe wake hufifia ukawa kama wa maziwa yaliyolala. Kamba zilitoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja palikuwa na makaro mawili ya kufulia, na kando yake pipa la kuchemshia lililokaa juu ya moto wa kuni. Saa sita mchana aliyesimama pale alichomwa na jua kutoka juu, na saruji kutoka chini, na mvuke wa pipa ukammalizia ubavuni. Dobi alikuwa amesimama pale karibu miaka ishirini, kitambaa chenye maji kichwani, na maumivu ya kichwa alikuwa ameyazoea kama mtu anavyoizoea pua yake: ipo mbele ya macho, naye haioni.

Jumapili hakukufuliwa. Moto ulizimwa, kamba zilibaki tupu, ua ulifagiliwa ukang'aa, na Jumapili ile hata jua lenyewe lilijificha mawinguni kama mtu mwenye deni. Ndiyo siku Meneja aliyomleta mbwa.

Aliingia akivuta kamba yake na Meneja nyuma yake, kifua kipana chenye baka jeupe, miguu ya mkimbiaji, kigutu cha mkia kikitikisika kiasi cha kuuyumbisha mwili mzima wa nyuma. Uso wake ndio uliowanyamazisha: mweusi, mfupi, umekunjamana kuanzia kipaji hadi mashavu, taya la chini limetangulia mbele kama la mtu anayekataa kulipa nauli.

"Jamani!" alisema mama mkwe. "Katika nyumba ya dobi mnaniletea mtu ambaye uso wake haujapigwa pasi?"

Papo hapo akaitwa Kunyanzi. Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba, mwenye miaka kumi, alimtupia mpira wa soksi. Mbwa akauinukia kwa miguu miwili ya nyuma, akaupiga ngumi hewani kama bondia, na ua ukajaa vicheko. Kisha akaenda kwa mama mkwe, akalaza kidevu juu ya kandambili yake. Mwisho akamfikia Dobi. Hakuruka, hakulamba. Alimwegemea tu muundi kwa uzito wake wote, kama mtu aliyetoka safari ndefu akapata nguzo, akashusha pumzi.

Dobi alihisi kitu kikilegea kifuani, na hakukipenda.

"Haya, anafaa au hafai?" aliuliza Meneja.

"Anafaa!" walijibu wote.

"Tumtazame kwanza Jumatatu," alisema Dobi.

"Shemeji, mbwa ni mbwa. Hana ratiba."

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo ni wakazi wa nyumba ya dobi tu wangeweza kulifanya, maana nyumba ile ilikuwa nyumba mbili zenye mlango mmoja. Ile ya Jumapili ilikuwa ya watu, pana, tulivu, yenye nafasi ya mpira wa soksi. Ile ya siku za kazi ilikuwa ya moto, mvuke na nguo nyeupe, na ndani yake aliishi mtu mmoja. Walimpima mbwa kwa nyumba ya kwanza, wakamkabidhi katika ya pili.

Jumatatu mume alikwenda kunyoa, Kitinda akaenda shule, Meneja akaenda kusimamia. Dobi akaanika kamba ya kwanza. Upepo ukalijaza shuka, shuka likajitutumua, na Kunyanzi, ambaye hajapata kukataa mwaliko, akalirukia na kulipiga ngumi mbili za uso. Likabaki na alama za makucha na utepe mrefu wa udenda. Likarudi karoni. Likaanikwa tena. Likapigwa tena.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka kwenye kiti chake cha kizingitini, "huyu anamlinda nani, sisi au shuka?"

Dobi alimfunga uchochoroni kando ya nyumba, mahali pekee penye kivuli. Mbwa hakubweka, alilia kwa sauti nyembamba ya mlango usiotiwa mafuta, bila kupumzika, mpaka majirani wakachungulia kujua ni nani anayeonewa. Alipofunguliwa alikimbilia makaroni, akajilaza juu ya saruji ya moto miguuni pa Dobi, kinywa wazi, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka. Dobi alimsogezea maji kivulini, mbwa hakuyafuata. Alimfukuza, mbwa akaenda hatua tatu, akarudi. Alichotaka ni kuwa pale alipo mtu, na mtu alikuwa juani.

Basi utulivu ukamtoka Dobi. Mikono yake ilikuwa karoni, sikio lake likawa kwenye pumzi za mbwa. Alikuwa akisugua, anaacha, anageuka kutazama, anarudi, anasahau aliishia upindo gani. Akienda chumba cha pasi alisikia kimya, na kimya kilimtisha kuliko kilio, akatoka kuchungulia, akarudi akakuta foronya ya nyumba ya wageni imeungua alama ya pasi, kosa ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwanagenzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunyanzi hakungoja kupewa: siku ya tatu alikifukua chungu cha maua cha mama mkwe hadi chini, akabaki amesimama kando ya shimo kwa fahari, pua imejaa udongo.

Jioni hali iligeuka. Saruji ilipoa, kamba zilianuliwa, Kitinda akarudi na mpira wa soksi, mume akaketi barazani, mbwa akamlalia miguuni akikoroma. "Mbwa wa ajabu huyu," mume alikuwa akisema. "Amani tupu." Dobi alipomweleza habari za mchana, alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesimuliwa ndoto. Kunyanzi wao alikuwa wa jioni. Kunyanzi wake alikuwa wa saa sita. Walikuwa wakizungumza juu ya wanyama wawili.

Aliyemwona yule wa saa sita alikuwa Bibi Miche, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha ngoma, aliyekuwa na kitalu cha miche ng'ambo ya daraja. Kila wiki alikuja kuchukua majivu ya kuni kwa ajili ya udongo wake.

"Mwenzangu, umeajiri mlinzi au umezaa tena?"

"Vyote viwili," alijibu Dobi, "na likizo ya uzazi sijapewa."

Bibi Miche alicheka, kisha akainama, akakiweka kiganja chake juu ya mbavu za mbwa. Kicheko kikakatika. "Anapumua kama lori bovu mlimani."

"Nimeliona. Nikilisema, nitaambiwa namchukia."

"Unamchukia?"

Dobi alitazama kule miguuni. "Ningemchukia ningekuwa nalala usingizi."

Ilikuwa kweli. Alijigeuza kitandani akiwaza neno la kusema, na kila neno lilikuwa na mwiba upande wa pili. Akisema mbwa abaki, atamwona akiiva taratibu juu ya saruji. Akisema aondoke, upo mnyororo. Siku moja alipopeleka makoti zahanati, miguu yake ilimpeleka, bila ya yeye kukusudia, hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Aliona nguzo, na kuizunguka nguzo hiyo, duara tupu ardhini, limechimbika kama njia ya mkokoteni. Lilichimbwa na miguu ya mbwa aliyetangulia. Akarudi nyumbani upesi, akamkuta Kunyanzi langoni, akamkaripia bila sababu, na mbwa akamwegemea muundi.

Wiki ya pili, mwizi wa vibanio alirudi. Kwa nini asirudi? Mara ya kwanza hakuna aliyemsumbua. Ilikuwa mchana, Dobi yuko ndani anapiga pasi. Alisikia kibanio kikiangukia kikapuni, akachungulia dirishani, akaona yote, na ni vyema ieleweke kwamba ni yeye peke yake aliyeona yote. Mtu alikuwa amebeba mashuka begani. Kunyanzi akaamka kutoka kwenye saruji, akamwona mgeni, na furaha ikampanda kuanzia kigutu cha mkia. Alimrukia kama alivyolirukia kila shuka: ngumi mbili za kirafiki kifuani. Mwizi, aliyekutana ana kwa ana na uso ule, hakuwa na muda wa kuuliza tafsiri. Alipiga ukelele, akatupa mzigo, akatoka mbio na shuka moja likiwa limemzonga shingoni. Mbwa akaamini kwamba mchezo ndio umeanza.

Mtaa ulisimama. Walipita mbele ya kinyozi, mwizi mbele, shuka likipepea, mbwa nyuma ameng'ata upindo. Wateja wakatoka nje, mmoja wao akiwa amenyolewa nusu kichwa, akishangilia kwa nusu zote mbili. "Kamata! Kamata shujaa!" Mwizi alipotea baada ya daraja. Mbwa alirudi kwa miguu yake, kipande cha shuka kinywani, watu wakimpigia makofi pande zote za barabara. Alifika langoni, akamtafuta Dobi kwa macho, akaanguka ubavu.

Ulimi wake ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Pumzi zilitoka kwa mkoromo, kisha zikapungua.

Hapo ndipo ilipoonekana jinsi nyumba ile ilivyoweza kukimbia ilipotaka. Mume alifika na beseni la maji, kitambaa cha kinyozi kikiwa bado begani. Meneja, aliyekuwa kwenye ujenzi wa mtaa jirani, alifika na pikipiki, akampigia simu daktari wa mifugo kwa sauti ya kuamrisha. Jirani alifungua mwavuli. Mama mkwe, na nyonga yake ile, alipiga magoti chini akampepea kwa kanga yake. Dobi alimlowesha tumbo na nyayo, akimwita jina, na sauti yake haikuwa ile ya kukaripia. Baadaye, katika chumba kidogo cha daktari chenye harufu ya dawa, walielezwa jambo ambalo mhandisi hakulisema na wao hawakuliuliza: kwamba pua fupi kama ile haimpozi mbwa sawasawa; kwamba boksa anahitaji kivuli mchana, mbio asubuhi na jioni, na watu karibu naye wakati wote; na kwamba akianguka tena huenda asiamke.

Usiku ulipoingia waliketi sebuleni, mbwa amelala ukumbini, hai, akikoroma hadi vikombe vinatetemeka. Safari hii Dobi alikuwa ndani ya chumba.

"Mjadala umekwisha," alisema Meneja, akikunja mikono ya shati. "Shujaa amejithibitisha. Kesho naleta mabati na nguzo, tunamjengea kivuli pale uani. Mabati ninayo stoo, yalibaki kwenye ile kazi ya shule, yanaliwa na kutu tu."

Dobi alikuwa akikunja taulo. Akaacha.

"Yapo tangu lini, shemeji?"

"Nini?"

"Mabati."

"Aa, miaka mitatu. Minne."

"Minne," alirudia Dobi. Aliliweka taulo juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja ingawa halikuwa na kunyanzi lolote. "Na stoo yako iko mtaa wa pili."

Mume alijikohoza. "Mama Kitinda..."

"Niache. Uliwaambia sina neno. Ninalo." Hakupaza sauti, aliishusha, na wote wakalazimika kusogea. "Leo mbwa ameanguka, na nyumba nzima imekimbia. Mama amepiga magoti. Wewe umemwacha mteja na nusu kichwa. Sikatai, ni haki yake, ni kiumbe. Mwaka jana, wakati wa joto, mimi nilianguka pale pale, kando ya karo. Mlikimbia na nini?"

Meneja alitazama viatu vyake kana kwamba vimebadilika.

"Mlisema nini?" aliuliza tena.

"Nilisema..." Alikuwa mama mkwe, na ulimi wake, kwa mara ya kwanza, ulionekana kuwa na umri wake. "Nilisema umelizoea jua."

"Ndiyo. Nililala kidogo, nikaamka, nikamalizia foronya."

Mume alinyoosha mkono kuelekea kwake, akaurudisha, hakujua pa kuuweka.

"Mabati yaje," aliendelea Dobi. "Yaje juu ya makaro na pipa. Kamba zitabaki juani, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mwenye kufua awe kivulini."

"Basi vizuri!" Meneja alifufuka, maana palikuwa na kitu cha kusimamia. "Wewe hapo, mbwa hapo, kivuli kimoja watu wawili!"

"Shemeji, kuanika na kuanua ni nusu ya siku yangu, na huyu atanifuata juani hata kukiwa na paa la dhahabu. Nikimfunga atalia mpaka aharibike moyo. Tena kuna mbio. Nani atakimbia naye alfajiri? Baba Kitinda?"

"Nafungua mapema," mume alisema polepole, "watu wa ofisini wananyolewa kabla ya kazi."

"Wewe, shemeji?"

"Mimi naishi mtaa wa pili."

"Kumbe ni mbali, siku hizi."

"Mimi!" alisema Kitinda, aliyekuwa amejibanza mlangoni. "Mimi nitakimbia naye!"

Dobi alimwita, akamketisha kando yake. "Mwanangu, yeye anakuvuta kama upepo unavyovuta shati. Nakutaka ukiwa mzima, naye namtaka akiwa mzima. Sote humu tumesema kwamba anatufaa. Sisi ndio hatumfai."

"Basi ni yadi ya vyuma," Meneja alinung'unika.

"Yadi ya vyuma utakwenda wewe," alisema mama mkwe, ulimi umerudi mahali pake. "Una sura ya kutu. Mwache mkwe wangu amalize."

Dobi alimaliza kwa namna yake. Hakwenda kwa Bibi Miche Jumapili. Alichagua siku ambayo lori la udongo hushusha mzigo, kitalu kizima kiko mbioni, akafika saa sita kamili na mbwa kwenye kamba. Kitalu kilikuwa chini ya chandarua cheusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu alipoingia alihisi kama aliyeingizwa ndani ya mtungi. Mume wa Bibi Miche, mzee wa maneno machache, alikaa kutwa kwenye kigoda akijaza udongo katika vifuko vya miche. Wajukuu pacha walikuwa wakitoka shule mbio, si kwa haraka yoyote, bali kwa kuwa hawakujua mwendo mwingine.

Dobi aliuliza kila mtu. Alimuuliza mzee kama anachukia mkoromo; mzee akasema ameoa. Aliwauliza pacha kama wataamka alfajiri, na alipowaona wanajibu upesi mno, akawauliza tena mbele ya bibi yao. Alimuuliza kibarua aliyesimama mbali na toroli lake, na kibarua akakiri kwamba anaogopa mbwa tangu utotoni. Dobi akasema basi lazima angojewe, akaketi naye pembeni mpaka alipoweza kumgusa Kunyanzi mgongo kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili.

"Dada," alisema Bibi Miche, "unatafuta makao ya mbwa au unaoza binti?"

"Binti angejisemea."

"Sawa. Miche yangu je? Atachimba."

"Atachimba," Dobi alikubali. "Chungu cha mama alikimaliza siku ya tatu. Sikufichi."

Bibi Miche alitazama kundi la watu waliochafuka udongo hadi magotini, akaachia kile kicheko cha ngoma. "Hapa hakuna aliyeajiriwa asichimbe. Nitampa kona yake."

Wiki moja ya majaribio ilipita, tena ya siku za kazi, na mwishoni Bibi Miche alikuja kuchukua majivu akasema tu: "Mzee hataki arudi." Dobi alishukuru, akaingia chumba cha pasi, akafunga mlango, na pasi haikusikika kwa muda mrefu.

Mtaa haukungoja maelezo. Mwanamke gani anamfukuza shujaa aliyemwokolea mali? Ana moyo wa saruji. Mbwa hakufa, basi hatari ikasahauliwa: pale mtoni mtu asipozama, husemwa kwamba maji hayakuwa na kina. Kitinda alinuna siku kadhaa, kisha akapatana na kitalu, kwa kuwa lango lake halikufungwa. Na siku moja, katika kibanda cha kinyozi, mteja alirudia maneno yale ya moyo wa saruji, akaona wembe umesimama shingoni pake.

"Hukumwona na yule mbwa saa sita," alisema kinyozi. "Mimi pia sikumwona. Geuza kichwa."

Ni yeye aliyeyasimulia hayo nyumbani, kwa aibu kidogo. Lakini mabati bado hayakuja. Meneja alikuwa na nguzo za kutafuta, kisha misumari, kisha safari. Wiki zikafuatana, Dobi akiwa juani, na sasa joto alilolizoea alilihisi, maana alikuwa amelitaja, na ukishakitaja kitu hakikubali tena kusahauliwa kama pua. Asubuhi moja hakuwasha moto. Aliburuta kiti hadi uchochoroni, kwenye kile kivuli cha mbwa, akaketi, akawaambia waliomuuliza kwamba yuko kazini: anasimamia. Nyumba ya wageni ilipiga simu kwa mume, mume akampigia kaka yake, na inasemekana kwamba katika simu hiyo alipaza sauti, jambo ambalo wote wawili hawajalizoea mpaka leo.

Jumamosi, tarehe 6 Machi 2021, Meneja na mdogo wake waliezeka mabati juu ya makaro na pipa, Dobi akiwa amewaonyesha mwenyewe kila nguzo isimame wapi. Kamba zilibaki juani.